Kumtambua sungura wa bahari na kumtazama akila

Sungura wa bahari ni konokono laini wa baharini asiye na kombe la nje. Chagua siku ya bamvua: mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, na siku mbili zinazofuata. Mombasa maji ya bamvua hupwa kabisa kati ya saa nne na saa sita, mchana na usiku vilevile. Fika saa moja kabla. Usiku ndio bora, maana Dolabella auricularia, aina mojawapo ya sungura wa bahari, mchana hujifukia mchangani akafanana na jiwe lenye ukoga. Vaa viatu vya mpira vilivyofunika vidole, ndara hazikufai.

Tafuta kwenye vidimbwi vyenye majani ya baharini, upande wa ndani wa mwamba. Ukiona kama tambi zilizovurugika zimenata kwenye majani, hayo ni mayai. Mwenyewe huenda yuko karibu.

Wengi humdhania jongoo bahari. Tazama kichwa: pembe mbili pana mdomoni za kupapasia, na nyuma yake mbili zilizosimama kama masikio, za kunusia. Jongoo hana pembe kama hizo. Mgongoni pana mpasuo kati ya mikunjo miwili ya ngozi. Humo mna matamvua na kombe dogo jembamba lililofichika ndani ya mwili. Dolabella kwa nyuma ni kama amekatwa mshazari kwa kisu.

Kumtazama akila, mweke mmoja tu katika beseni jeupe lenye lita 10 za maji ya kidimbwi hichohicho, kivulini, kwa dakika 10. Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyotengwa 1986, usinyanyue kitu, mtazame alipo. Weka kipande cha mwani mbele ya mdomo. Atayumbisha kichwa akinusa, kisha ulimi wenye safu za vijino utaushika mwani na kuuvuta ndani. Usidhani anakuna kama mbuzi ya nazi: anameza vipande, na kusagwa ni kazi ya firigisi, nayo ina meno yake.

Asipokula, ameshtuka, mwache atulie. Akitoa wino wa zambarau, si damu, na hajaumia. Umemminya. Badilisha maji mara moja. Rangi hiyo hutokana na mwani mwekundu: Aplysia, jamii nyingine ya sungura wa bahari, anayelishwa mwani wa kijani pekee huishiwa nayo.

Mrudishe palepale ulipomtoa, tumbo chini, maji yakiwa bado hayajaanza kujaa.