Kabla hujaweka pachi (marekebisho ya programu) kwenye seva, cheki haya kwanza

Pachi nyingi zinazogoma hazina shida zenyewe, seva ndo ilikuwa na ugonjwa wake siku nyingi na pachi imekuja kuuanika tu. Kwa hiyo kazi kubwa ifanye siku mbili tatu kabla, sio saa saba usiku huku bosi anauliza mbona sistimu haijarudi.

Anza na diski, na usiishie kwenye ile kubwa. Kwenye Linux inayoangusha wengi ni /boot, sehemu ya diski yenye mafaili ya kuwashia mashine, maana huwa ndogo na kanelo (kernel, kiini cha Linux) za zamani zinajazana humo, unapiga df -h unaona / ina nafasi ya kumwaga kumbe /boot iko 100%, kanelo mpya inakatikia njiani, apt (tuli ya kuweka programu kwenye Debian na Ubuntu) inabaki nusunusu na kila kinachofuata nacho kinagoma. Hapo ondoa kanelo za zamani kwa apt yenyewe, usiache ile inayotumika sasa ikaenda nazo (uname -r itakuambia ni ipi), halafu dpkg --configure -a imalizie kilichokwama. Piga na df -i, inodi (nafasi za kuorodhesha mafaili) zikiisha seva inalia haina nafasi wakati giga zipo. Kwa Windows ukiona 0x80070070 ni hadithi ileile, diski imejaa, usihangaike kugugo.

Halafu riboti. Seva inayodai riboti tangu pachi za mwezi uliopita usiiongezee mzigo, iriboti kwanza ikiwa haijaguswa. Wengi wanaruka hii kwa kuogopa dauntaimu na mimi naona ndo yenye faida kuliko zote, kwa sababu ikikataa kuamka ushajua pachi haihusiki.

Mtandao ni fasta: seva inaifikia WSUS (seva ya ndani inayogawa pachi za Windows)? Kwa kawaida ni poti 8530, au 8531 kama ni HTTPS. Na saa iko sawa? Saa ikipotea sana vyeti vya TLS (vya usalama wa mawasiliano) vinakataliwa na utadhani ni faya wali. Cheki pia isiwe na tuli (tools) mbili za kusimamia pachi, kila moja inavutia kwake.

Kwa Windows yenye historia ya kufeli, piga DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth kwanza, sfc /scannow ifuate, maana sfc inachukua mafaili mazima kutoka kwenye ghala la mafaili ya Windows ambalo DISM imelitengeneza. Ila DISM nayo kwa kawaida inayatafuta mafaili hayo kwenye Windows Update, kwa hiyo seva isiyo na intaneti iandalie chanzo cha vashen hiyohiyo na uielekeze kwa /Source. Ikigoma bado fungua C:\Windows\Logs\CBS\CBS.log na usiishie mistari ya mwisho, ile mara nyingi ni matokeo, panda juu mpaka ukute eror ya kwanza kabisa.

Snapshot (picha ya mashine pepe jinsi ilivyo sasa) chukua, sawa, lakini sio bakapu jamani. Databesi iwe na bakapu yake na uwe ushajaribu kuirestoo, na snapshot uifute mambo yakitulia, ukiisahau inavimba mpaka inajaza storeji ya mashine zote.

Na paswedi ya konsoli, iDRAC au iLO (njia ya kuifikia seva hata ikiwa haijawaka), ijaribu mchana. RDP na SSH, zile njia za kawaida za kuingia kwa mbali, hazikusaidii kitu kama seva imeganda kwenye kubuti.