Kumshika Mkono Mwanafunzi wa Mwaka wa Kwanza: Mwongozo kwa Waliomtangulia Chuoni

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza hupokewa kwa shangwe. Katika wiki ya kwanza hutembezwa maktaba, hupigwa picha za vitambulisho, huhutubiwa na wakuu wa vitivo, kisha hugawiwa makaratasi ambayo wengi wao hawatayafungua tena. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Shida ya vyuo vingi ni kwamba mgeni hukabidhiwa jembe bila kuoneshwa shamba liko wapi wala mpaka wake unaishia wapi. Kwa hiyo anayehitaji msaada si rahisi kumtambua katika wiki ya kwanza, ambapo kila mtu ni mgeni na kila mtu anatabasamu. Huanza kuonekana kati ya wiki ya tatu na ya sita, pale ambapo kazi za kwanza zinadaiwa, fedha zimepungua na marafiki wa siku za mwanzo wameshatawanyika kila mmoja na kozi zake.

Mwongozo huu unamhusu mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu aliyekabidhiwa mgeni wa kumwelekeza, ingawa mhadhiri kijana au ndugu aliyewahi kusoma chuoni anaweza kuutumia vilevile. Ushauri wake mkubwa ni mmoja: palipo na jambo gumu, nenda naye mara ya kwanza, ulifanye mbele ya macho yake, kisha mwachie. Mgeni aliyeambiwa tu kwamba kuna ofisi ya ushauri ghorofa ya pili hataipanda ngazi hiyo siku atakayokuwa na aibu.

Anzeni na saa za wiki

Shuleni muda hupangwa na wengine: kengele hulia, mwalimu huingia, na asiyefanya zoezi huulizwa kesho yake asubuhi. Ratiba ya chuo ina mashimo. Mwanafunzi anaweza kuwa na mhadhara saa mbili asubuhi na mwingine saa tisa alasiri, na hapo katikati hakuna anayemuuliza alikuwa wapi. Akijumlisha vipindi vyake anapata labda saa 15 kwa wiki, naye huamini kwamba amejaliwa nafasi kuliko wakati wowote wa maisha yake. Asichokijua ni kwamba vipindi ni sehemu ndogo ya kazi anayohesabiwa. Mfumo wa krediti unaotumiwa na vyuo vya Ulaya hulionesha jambo hili waziwazi: mwaka mmoja wa masomo una krediti 60, na kila krediti hukadiriwa kuwa saa 25 hadi 30 za kazi, yaani saa 1,500 hadi 1,800 kwa mwaka, zikiwemo za mihadhara, za kusoma peke yake, za kuandika na za kujiandaa kwa mitihani. Uingereza huhesabu vingine, krediti 120 kwa mwaka na saa 10 kwa kila krediti, lakini huko nako sehemu kubwa ya shahada husomwa nje ya ukumbi wa mihadhara.

Hesabu hizo zikisemwa tu hazimwingii mtu. Chukua karatasi, ukae naye mezani, mpige hesabu pamoja. Wiki ina saa 168. Ondoeni 56 za kulala, kwa maana usingizi wa saa nane si anasa. Ondoeni 35 za kula, kuoga, kufua na kwenda huku na huku. Wageni wengi huidharau hesabu hii kwa sababu nyumbani palikuwa na mtu aliyewafulia. Ondoeni 15 za vipindi. Zinabaki 62. Mwambie atenge kati ya 25 na 30 za kujisomea, na yeye mwenyewe achague ziwe saa zipi za siku zipi, akianza na yale mashimo ya mchana kabla hajaugusa usiku. Usimpangie. Ratiba iliyopangwa na mwingine haifiki Jumatano. Saa zinazosalia, ambazo ni zaidi ya 30, ni zake za michezo, ibada, soga na kulala mchana, nazo ziandikwe kwa kalamu ileile, kwa sababu asiyeziona saa zake za mapumziko huziiba kutoka kwenye zile za kusoma, halafu hapumziki vizuri wala hasomi vizuri.

Usomeni muhtasari wa kozi kwa kalamu mkononi

Nakumbuka mwanafunzi mmoja aliyegundua katika wiki ya saba kwamba kulikuwa na insha yenye thamani ya asilimia 20 iliyotakiwa wiki ya sita. Tarehe ilikuwa ukurasa wa pili wa muhtasari wa kozi, karatasi ambayo alikuwa ameikunja vizuri na kuihifadhi ndani ya daftari. Hakuwa mvivu hata kidogo. Alikuwa akisubiri mhadhiri atangaze, kama walimu wake wa sekondari walivyokuwa wakitangaza.

Kwa sababu hiyo, mapema iwezekanavyo, mwombe alete mihtasari ya kozi zake zote, kisha hamishieni kila tarehe kwenye kalenda moja. Hapo ndipo atakapoona, pengine kwa mara ya kwanza, kwamba insha mbili na jaribio moja vimeangukia wiki ileile, na kwamba moja ya insha hizo lazima ianze wiki mbili kabla. Mwoneshe pia uzito wa alama. Kozi ambayo mtihani wa mwisho una asilimia 60 haisomwi kama ile ambayo nusu ya alama zinatokana na mazoezi madogo ya kila wiki, kwani katika hiyo ya pili kuzembea mwezi mmoja hakufidiki kwa kukesha.

Halafu shughulikieni vitenzi vya maswali, jambo ambalo waliotangulia hulisahau kwa kuwa limeshakuwa jepesi kwao. Anayetoka sekondari amezoea kujibu kila swali kana kwamba limeandikwa "eleza". Akiulizwa ajadili, hueleza; akiulizwa alinganishe, hueleza hiki kisha akaeleza kile, na msomaji akaachiwa kazi ya kulinganisha. Mpe swali moja la mwaka uliopita, mwambie ataje kwa sentensi moja kile ambacho swali linamtaka afanye kabla hajatafuta kitabu chochote. Kwa "jadili" atatakiwa kuonesha pande zinazopingana na kusema yeye amesimama wapi na kwa nini; kwa "tathmini" atahitaji kipimo cha kupimia. Nusu saa ya zoezi hili ina faida kuliko semina nzima ya mbinu za uandishi.

Hapohapo mweleze kuhusu marejeo. Wengi wa wanaoshtakiwa wizi wa kitaaluma katika mwaka wa kwanza hawakukusudia kuiba; walinakili aya kwenye daftari bila kuandika ilitoka wapi, na wiki tatu baadaye wakaidhania kuwa yao. Tabia ya kuandika mwandishi, mwaka na ukurasa kabla ya kunakili neno la kwanza ndiyo kinga. Ama programu za akili unde, kanuni hutofautiana kati ya chuo na chuo, na hata kati ya kozi na kozi, kwa hiyo aisome kanuni ya kozi husika na akiwa na shaka amuulize mhadhiri kabla ya kuwasilisha.

Kusoma ambako kunabaki kichwani

Mgeni atakuambia kwamba amesoma daftari lake mara tatu. Mwombe alifunge na akuambie yaliyomo. Kimya kitakachofuata si dalili ya akili ndogo. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejifanyia majaribio mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, alionesha kwamba sehemu kubwa ya tulichojifunza hupotea mapema mno, kisha kasi ya kusahau hupungua. Mwaka 2006 wanasaikolojia wa Marekani Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwalinganisha wanafunzi waliorudia kusoma kifungu na wale waliojaribu kukikumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja waliojijaribu ndio waliokumbuka zaidi. Tatizo ni kwamba kurudia kusoma humpa mtu faraja ya kudhani anajua. Mfundishe basi kwamba jioni ya siku ya mhadhara atafunga daftari, ataandika kwenye karatasi tupu anachokumbuka, kisha atalifungua kujaza mapengo kwa wino wa rangi nyingine. Mapengo hayo ndiyo ya kupeleka kwenye kikundi cha majadiliano au kwa mhadhiri.

Mlango wa mhadhiri

Hakuna kitu kinachomwogopesha mgeni kama mlango huu, na hakuna kinachomgharimu zaidi. Nenda naye siku ya kwanza, lakini subiri nje. Kabla ya hapo msaidie kuliunda swali, maana anayeingia akisema "sijaelewa mada yote" humpa mhadhiri kazi isiyo na mwanzo. Afadhali aingie na maneno kama haya: "Samahani, Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wako wa kozi ya takwimu. Nimefuata hatua za mfano wa pili hadi hapa. Naelewa wastani ulivyopatikana, lakini sioni kwa nini tunagawa kwa idadi ya watu ukitoa mmoja." Mhadhiri anayesikia swali la namna hiyo hujua papo hapo pa kuanzia, na mara nyingi hulikumbuka jina la aliyeuliza. Aende katika saa zilizotangazwa, na aende na daftari lililoandikwa kitu.

Hofu ya kutostahili kuwepo

Mwaka 1975 Vincent Tinto, mtaalamu wa elimu wa Marekani, aliandika kwamba kuacha chuo kunahusiana na kamba mbili zinazomfunga mwanafunzi na chuo chake, moja ya masomo na nyingine ya watu. Kamba ya pili hulegea kimyakimya. Mtu aliyekuwa wa kwanza darasani anakuta ukumbi umejaa watu waliokuwa wa kwanza, anapata alama ya chini katika kazi ya mwanzo, na badala ya kuiona kama alama ya kazi moja anaiona kama ushahidi kwamba alidahiliwa kwa makosa. Wanasaikolojia Gregory Walton na Geoffrey Cohen walichapisha mwaka 2011 matokeo ya zoezi lililochukua takribani saa moja: wanafunzi wa mwaka wa kwanza walisoma maelezo ya waliotangulia kwamba wasiwasi wa kutostahili huwapata wengi na hupungua kadiri muda unavyokwenda, kisha wakaandika jinsi jambo hilo linavyofanana na yao. Wanafunzi Wamarekani weusi walioshiriki waliendelea kupata alama bora hadi mwisho wa shahada kuliko wenzao ambao hawakulipata zoezi hilo.

Kwa hiyo usimwambie "utazoea" ukaishia hapo. Neno hilo humfunga mtu mdomo. Msimulie ulichokosea wewe, wiki uliyolia, alama uliyoificha, na hatua uliyochukua baada yake. Msaidie ajiunge na kikundi kimoja kinachokutana kila wiki, iwe kwaya, timu au klabu ya mdahalo. Kimoja kinatosha muhula wa kwanza. Wanaojiandikisha katika vitano aghalabu hawaonekani katika chochote. Kuhusu fedha, inatosha agawe alichonacho kwa idadi ya wiki za muhula siku anapokipokea, na sehemu ya dharura aiweke pasipofikika kirahisi.

Mahali msaada wako unapokoma

Usimwandikie kazi, na usimpe daftari lako kila mara akikosa kipindi. Ukimwona anakosa vipindi mfululizo, analala mchana na kukesha usiku bila kazi, hali chakula, au anajitenga na wote, muulize waziwazi, faraghani, na mfuatane hadi kwa mshauri nasaha au zahanati ya chuo. Akitamka kwamba hataki kuishi, usikubali kuitunza siri hiyo wala usimwache peke yake. Mjulishe mtu mwenye dhamana saa hiyohiyo, hata akikukasirikia.

Kazi ya kwanza ikirudi imesahihishwa, kaeni nayo. Someni maoni ya pembeni kabla ya kujadili alama, kisha achague moja tu la kulifanyia kazi katika insha ijayo. Muhula wa pili ukianza, mwombe akuletee kalenda na ratiba alizozichora mwenyewe. Ukikuta insha imeanzishwa wiki mbili kabla ya tarehe yake, na saa za kulala mchana zimeandikwa kwa kalamu, mrudishie karatasi yake bila kusahihisha chochote.