Somo: Mgonjwa wa sumu ya shambani na hofu yetu ya atropini, dawa ya kuipinga

Wenzangu wa zahanati na vituo vya afya, viazi vya Umalila na nyanya za Ilula hupigwa dawa msimu mzima, kwa hiyo mgonjwa huyu utampokea tu. Analetwa kwa bodaboda, jasho limemlowesha, mate yanamchuruzika, ndugu wanasema "kanywa dawa ya shamba".

Kwanza, vaa glavu, fungua madirisha. Mlaze ubavu, safisha koo, mpe oksijeni. Mvue nguo zote, muoshe kwa sabuni na maji mengi hadi kwenye nywele, maana sumu hii hupenya ngozi. Usimtapishe. Maziwa usimpe, hata bibi yake akisisitiza. Mtu mmoja afuate kopo nyumbani, kwa sababu dawa ya wadudu, ya ukungu na ya magugu ni sumu tofauti kabisa. Ikiwa ni ya magugu yenye parakwati, oksijeni humzidishia kuungua mapafu. Mpe pale tu anapopungukiwa sana.

Pili, mtazame. Mboni ndogo kama ncha ya sindano, machozi, kuharisha, kujikojolea, moyo unaopiga polepole, misuli inayochezacheza, kifua kinachokoroma maji: ichukulie kuwa ni organofosfeti au kabameti, sumu zilizomo kwenye dawa za wadudu, anza tiba. Usingoje maabara.

Tatu ndiyo roho ya somo. Atropini, mtu mzima, miligramu 2 mshipani. Baada ya dakika 5 kifua bado kina maji? Mpe 4. Kisha 8. Endelea hivyo hadi kifua kikauke, mapigo yapite 80, namba ya juu ya presha ipite 80, kwapa zikauke. Hapo weka dripu ya atropini: kila saa asilimia 10 hadi 20 ya jumla uliyotumia. Akipata degedege, diazepamu miligramu 10 polepole.

Wengi huishia ampuli mbili kwa kuogopa moyo kwenda mbio. Nilipokuwa mgeni kazini nilimpoteza kijana hivyo, amejaa maji mapafuni, na atropini imebaki kabatini. Sijamsahau.

MASWALI

Dada wa Rungwe: Dokta, mapigo yamefika 130 na kifua bado kinakoroma. Niache?

Usiache, dada. Moyo huenda mbio hata kwa kukosa hewa. Simamisha atropini ukiona homa, kuweweseka na tumbo lisilounguruma; dalili hizo zikitulia, rudisha dripu kwa kiwango cha chini.

Kaka wa Makete: Watu watatu walilala na jiko la mkaa ndani, vichwa vinawauma, wanatapika. Oksimita, kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni, inasoma 98.

Usiiamini, kaka. Hewa ya mkaa huidanganya. Wape wote oksijeni kwa maski yenye mfuko, na akiwemo mjamzito muanze yeye.

Muuguzi, Mufindi: Mgonjwa wangu wa dawa ya wadudu kaamka, anaongea, ndugu wanataka kumchukua.

Asiondoke. Kati ya siku ya 1 na ya 4 misuli ya kupumulia inaweza kulegea ghafla. Kila zamu mwambie anyanyue kichwa kitandani. Akishindwa, mpe rufaa mara moja, na anayemsindikiza awe na begi la kupumulia mkononi. Kama alikunywa kwa makusudi, asiachwe peke yake hata usiku mmoja, na asisemwe vibaya wodini.