Msaidizi wa jamii shuleni: jifunze na wenzako

Usingoje semina ya hotelini yenye bahasha ya nauli. Hapa Kadutu, mjini Bukavu, tunakutana wenyewe Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi. Kila mmoja alete kisa kimoja, jina la mtoto likiwa limefutwa, hata mtaa wake. Bukavu watu wanajuana mno. Simulia ulichoona na ulichofanya, kisha nyamaza. Wenzako waulize maswali kwanza, ushauri baadaye. Hapo ndipo penye kazi, maana sote tunapenda kushauri.

Someni pia sheria ya Kongo (RDC) ya ulinzi wa mtoto, Na. 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009: kifungu kimoja tu, mkipime na kisa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2011 kuhusu huduma ya kwanza ya kisaikolojia ufanyieni mazoezi: tazama, sikiliza, unganisha mtu na msaada.

Andika daftarini utakachobadilisha Jumatatu. Tutakuuliza.