Kabla hujanunua pedi za breki za pikapu kongwe ya mizigo

Land Cruiser mkonga, ile pikapu ya 79 yenye injini ya 1HZ, bado ndiyo inayotegemewa sehemu nyingi za Tanzania ambako lami haijafika: inabeba magunia ya mahindi, mapipa ya dizeli, mafundi wa minara ya simu, na usiku ikibidi inabeba mgonjwa. Toyota ilianza kuitoa mwaka 1999 kuchukua nafasi ya ile ya 75, kwa hiyo nyingi tunazoziona barabarani ni za miaka mingi na zimeshapita kwa wamiliki kadhaa. Ukienda dukani kuulizia pedi za gari kama hili, muuza spea atataka kujua kwanza una bajeti gani. Kwangu mimi bei inakuja mwisho. Kuna mambo ya kujua kuhusu gari lenyewe kabla hujatoa hela, na mengi utayaona mwenyewe ukiwa na jeki, tochi na fundi asiye na haraka.

Anza na utambulisho. "Pedi za mkonga" si maelezo ya kutosha. Nenda na namba ya chesisi, ambayo ipo kwenye kadi ya gari na kwenye kibati chini ya boneti, halafu hakikisha vyote viwili vinalingana na namba iliyogongwa kwenye chesisi yenyewe. Gari kongwe limeshafanyiwa mengi: lingine limefungwa eksili ya gari jingine, lingine kebini ni ya 79 lakini chini ni 75. Mara nyingi nati za gurudumu zinakupa fununu, kwa kuwa 75 zina nati 6 na 79 nyingi zina nati 5. Angalia pia nyuma kuna drami au diski, maana zipo za aina zote mbili. Ukiwa na namba ya spea ya Toyota, tarakimu 5 za mwanzo zinakuambia unachopewa ni kitu gani: 04465 ni pedi za mbele, 04466 ni pedi za diski za nyuma, na 04495 ni shuu za drami. Tarakimu za mwisho ndizo zinazotofautisha gari na gari. Kosa dogo hapo linakurudisha dukani.

Sasa fungua gurudumu na utoe pedi za zamani kabla ya kununua mpya. Kwenye kalipa za mbele za gari hili, yaani vyuma vinavyobana pedi kwenye diski, kazi si kubwa: kalipa haichezi, ina pistoni 4, mbili kila upande wa diski, na pedi zinashikiliwa na pini. Toa springi ndogo, vuta pini, pedi zinatoka bila kufungua kalipa. Zipange mezani kwa mpangilio uleule zilivyokaa garini, kulia na kushoto, ya ndani na ya nje, na uandike kwa chaki. Hapo ndipo gari linapokusimulia matatizo yake.

Pedi ya ndani ikiwa imekwisha kuliko ya nje, pistoni za upande mmoja hazitembei sawa na za mwenzake. Pedi moja ikiwa imelika mshazari, nene huku na nyembamba kule, kuna pistoni moja kati ya mbili imekwama. Za kulia zikiwa zimelika na za kushoto bado nzima, chunguza pistoni tena, kisha paipu ya mpira ya breki, kwa sababu paipu iliyozeeka huvimba ndani na kuzuia mafuta hata kama kwa nje inaonekana safi. Uso unaong'aa na kuteleza unaonyesha pedi ilipata moto kuliko uwezo wake. Kingo zilizopauka na kumeguka zinasema hivyohivyo kwa ukali zaidi. Ukikuta dalili yoyote kati ya hizi, pedi mpya za bei yoyote zitakufa kifo kilekile, na hela yako ya kwanza iende kwenye kalipa.

Vumbi la breki usilipulize kwa kompresa. Kuna pedi za zamani zilizotengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likiingia kwenye mapafu linaleta saratani. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa, tupa kitambaa.

Zikague pistoni zenyewe. Kila moja ina mpira wa kuzuia vumbi, na kwenye barabara za tope jekundu mpira huo ukichanika, maji na udongo vinaingia na pistoni inashika kutu. Mafundi wengi huosha kalipa kwa petroli au kupaka grisi ya kawaida. Mkatalie fundi wako kwa heshima, lakini usilegeze: petroli na grisi hizo huvimbisha mipira ya breki, na gari litakaa sawa kwa muda mfupi tu. Mipira ipakwe mafuta ya breki safi au grisi maalum ya breki.

Diski nayo ina kipimo chake. Unene wa chini unaoruhusiwa kwa kawaida huwa umegongwa kwenye diski yenyewe, mara nyingi ukianza na herufi MIN. Pima kwa mikromita sehemu kadhaa, kwa sababu ukingo wa nje huwa haujaguswa na pedi na unaweza kukudanganya. Ikiwa iko chini ya kipimo, usiipeleke kuchongwa. Diski nyembamba haina mahali pa kuweka moto.

Jambo ambalo karibu halitajwi gereji ni vali ya uzito. Kwenye nyingi ya pikapu hizi kuna fimbo nyembamba inayounganisha eksili ya nyuma na vali iliyo kwenye chesisi. Gari likibeba mzigo, bodi inashuka, fimbo inasukuma vali, na breki za nyuma zinapewa nguvu zaidi. Sisi tunafanya nini? Tunaongeza springi nyuma ili gari lisikae chini. Matokeo yake bodi haishuki, vali inadhani gari ni tupu, na breki za mbele zinafanya kazi ya magurudumu yote. Ikiwa pedi zako za mbele zinaisha haraka kupita kiasi na shuu za nyuma hazijaguswa, tazama fimbo hiyo kwanza. Huenda imepinda, imefungwa kwa waya, au imeondolewa kabisa.

Baada ya hapo ndipo unaweza kuzungumzia pedi ya aina gani, na jibu linatokana na njia na mzigo wako. Gari la tani 3 likishuka mita 100 kwa wima, breki na injini zinapaswa kumeza nishati ya takriban megajuli 3, inayotosha kuchemsha karibu lita 9 za maji. Sasa fikiria unateremka Kitonga ukitoka Iringa, au Sekenke ukiwa umejaza mpunga. Moto huo lazima upite kwenye pedi na diski. Kwa gari la kazi hizo napendekeza pedi zenye chembechembe nyingi za chuma, zinazostahimili moto, ingawa zina kelele kidogo na zinaila diski haraka zaidi. Pedi laini zisizo na chuma zinafaa gari linalozunguka mjini bila mzigo. Za seramiki ni kimya na hazichafui rimu, lakini nyingi zimetengenezwa kwa magari madogo ya abiria, na mimi nisingezifunga kwenye pikapu ya mizigo hata nikipewa bure.

Kwenye pedi nyingi, nyuma ya kibati kinachobeba pedi au ubavuni, utaona herufi mbili mwishoni mwa msururu wa namba: EE, FF, GG, au mchanganyiko kama FE. Herufi ya kwanza ni ushikaji kwenye joto la kawaida, ya pili ni ushikaji pedi ikiwa imepata moto. Kwa kipimo cha msuguano, E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Kwa mteremko, herufi ya pili ndiyo ya kutazama: FE inakuonya kwamba moto ukipanda, ushikaji unashuka. Herufi hizi hazisemi pedi itadumu muda gani, kwa hiyo usizichukue kuwa cheti cha ubora. Alama ya E ndani ya duara pamoja na 90R ina uzito zaidi, kwani kwa kanuni hiyo ya Ulaya pedi lazima ipimwe na nguvu yake isipishane na ya orijino kwa zaidi ya asilimia 15.

Dukani, iwe Gerezani pale Kariakoo au Kirinyaga Road Nairobi, nenda na pedi moja ya zamani mfukoni. Ilaze juu ya mpya: matundu ya pini, unene wa kibati, umbo la kingo, vyote vilingane. Pitisha kucha kwenye mshono kati ya kibati na sehemu yake ya msuguano, na ukikuta nafasi au ufa, rudisha. Boksi lenye maandishi yaliyokosewa au pedi zisizo na namba ya toleo, achana nazo hata kama rangi ya boksi unaifahamu. Na muuzaji akikuambia "hiyo inaingia, fundi atapiga msasa kidogo", ondoka. Pedi zinanunuliwa seti nzima ya eksili, kulia na kushoto pamoja.

Chukua pia mafuta ya breki mapya, ya DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko cha tangi kinavyoelekeza. Mafuta hunywa maji kutoka hewani: DOT 3 mpya huchemka kuanzia nyuzi 205, iliyokwisha kunywa maji inaweza kuchemkia 140, na yakichemka mteremkoni pedali inazama hadi sakafuni. Fundi anaporudisha pistoni ndani, mwambie afungue nati ya kutolea upepo ili mafuta machafu yatoke nje badala ya kurudi kwenye masta silinda.

Zikishafungwa, pampu pedali hadi iwe ngumu kabla gari halijasogea hata hatua moja. Kisha tafuta barabara tambarare isiyo na watu, ukiwa huna mzigo, na upunguze mwendo taratibu kutoka kilomita 50 hadi 10 kwa saa mara kadhaa, ukiacha nafasi ya kupoa kati ya mara na mara, bila kusimama ukiwa umekanyaga breki yenye moto. Siku chache baadaye angalia tena kiwango cha mafuta na ukaze nati za magurudumu, halafu ndipo upakie.