Somo: Namna ya kuwaeleza wanafunzi wa chuo matarajio ya kozi, wakayaelewa tangu wiki ya kwanza

Malalamiko mengi yanayofika mlangoni kwa mhadhiri wiki ya 13 na ya 14 huwa yamezaliwa wiki ya kwanza. Mwanafunzi aliambiwa "kazi ziwasilishwe kwa wakati" na "shirikini darasani", akaitikia, akaenda zake. Maneno hayo hayana namba, hayana tarehe, wala hayasemi nini kitatokea yasipofuatwa. Tarajio lisilo na vitu hivyo vitatu kila mtu atalitafsiri kivyake, na mwenye kuumia ni mwanafunzi.

Somo hili ni la wahadhiri na wakufunzi wa vyuo vya Tanzania, hasa wanaopokea mwaka wa kwanza. Mfano wetu ni kozi ya krediti 12, wiki 15 za kufundisha, kosiweki (majaribio na kazi za muhula) alama 40 na mtihani wa mwisho alama 60. Chuo chako kikiwa na mgawanyo mwingine, badili namba tu.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya saa kabla hujaandika chochote

Katika mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, krediti 1 ni saa 10 za kujifunza, za darasani pamoja na za mwanafunzi akiwa peke yake. Krediti 12 ni saa 120. Gawa kwa wiki 15, unapata saa 8 kwa wiki. Mihadhara ikichukua saa 3 na semina saa 1, zinabaki 4.

Hizo 4 hazipo kwenye ratiba, kwa hiyo mwanafunzi hajui kama zipo. Anatoka kidato cha sita, ambako prepo ilipangwa na kengele ikapigwa. Mwandikie waziwazi: saa 2 kusoma kabla ya mhadhara, saa 1 kuandaa maswali ya semina, saa 1 kupitia notsi. Halafu jipime na wewe. Ukimpa kurasa 80 za Kiingereza cha kitaaluma azisome kwa saa 2, umemwomba kisichowezekana, naye ataacha zote. Chagua kurasa 25 na uzitaje: ukurasa wa ngapi hadi wa ngapi.

Hatua ya 2: Onesha alama zinavyopatikana, kwa mfano uliokokotolewa

Mgawanyo peke yake hautoshi. Tuseme jaribio la 1 ni wiki ya 6, alama 15. Kazi binafsi wiki ya 8, alama 10. Jaribio la 2 wiki ya 12, alama 15. Majaribio unayasahihisha kwa 30. Mwanafunzi akiona 21 juu ya karatasi yake anadhani tayari ana 21 kati ya 40. Hana. 21 kwa 30 ikibadilishwa iwe ya 15 ni 10.5.

Kwa hiyo weka mfano mzima kwenye muhtasari wa kozi, ule wanafunzi wanaouita autilaini: jaribio la 1 amepata 21 kwa 30, sawa na 10.5; kazi binafsi 6 kwa 10; jaribio la 2 amepata 18 kwa 30, sawa na 9. Kosiweki yake ni 25.5 kati ya 40. Na kama chuo chako kina sharti la alama za chini kwenye kosiweki, au kwenye mtihani wenyewe, liandike hapo hapo chini ya mfano. Asipoliona, atajumlisha 25.5 na 14.5 za mtihani, aone 40, aamini amefaulu, kumbe anaenda kufanya sapu, mtihani wa marudio.

Mahudhurio yageuze vivyo hivyo kuwa idadi. Asilimia 75 ya vipindi 45 ni vipindi 34, yaani anaweza kukosa 11. Akikosa cha 12 yuko nje ya kanuni. Asilimia haimshtui mtu, ila idadi anaweza kuihesabu mwenyewe.

Hatua ya 3: Andika muda wa mwisho usioweza kusomwa kwa namna mbili

Hapa ndipo kwetu panapoharibika kuliko kwingine, kwa sababu tunaishi na saa mbili. Mfumo wa kompyuta wa chuo unaandika 16:00, mhadhiri anasema saa 10 jioni, CR (mwakilishi wa darasa) anatuma kwenye kundi la WhatsApp "mwisho saa 10 Ijumaa", na wapo watakaosoma hiyo kuwa saa 10 ya Kiingereza, yaani saa 4 usiku.

Usiku ni mtihani zaidi. Mfumo ukionesha Jumamosi 12:00 AM, maana yake ni Ijumaa saa 6 usiku, lakini wengi huichukulia kuwa bado wana Jumamosi nzima. Na kwa Kiswahili cha pwani siku huanza jua likizama, hivyo "usiku wa Ijumaa" ni ule unaoitangulia Ijumaa, ambao wa bara anauita Alhamisi usiku. Mwanafunzi wa Tanga na wa Mbeya wanaweza kusikia sentensi moja wakaelewa siku mbili tofauti, na wote wakawa sahihi.

Dawa yake ni kuepuka usiku kabisa. Weka mwisho mchana au jioni, siku ya kazi, na uandike hivi: "Ijumaa ya wiki ya 8, tarehe kamili, saa 10:00 jioni (16:00 kwenye mfumo)." Faida nyingine ni kwamba saa hiyo fundi wa mfumo yuko kazini, ukigoma, kuna wa kumpigia.

Kisha sema adhabu ya kuchelewa kwa hesabu. Mfano: kazi ya alama 10 inakatwa alama 1 kwa kila siku, Jumamosi na Jumapili zinahesabiwa, baada ya siku 3 haipokelewi. Aliyestahili 7 akachelewa siku 2 anapata 5. Maombi ya kuongezewa muda yaje saa 48 kabla, kwa barua pepe ya mhusika mwenyewe, si kupitia CR. Ugonjwa na msiba haviombi ruhusa saa 48 kabla, basi viweke pembeni na useme ni uthibitisho gani unaupokea na ndani ya siku ngapi.

Hatua ya 4: Eleza kazi nzuri ikoje

Usiseme "chambueni kwa kina". Gawa alama: hoja 4, ushahidi 3, mpangilio 2, rejea 1. Halafu eleza tofauti ya hoja yenye 4 na yenye 2: ya 4 inajibu swali lililoulizwa na kutaja upande unaopinga, ya 2 inaeleza mada bila kulijibu swali.

Chukua dakika 20 kwenye semina ya kwanza kufundisha vitenzi vya maswali. *Orodhesha* anataka vitu vitajwe. *Eleza* anataka sababu au namna. *Linganisha* anataka vitu viwili viwekwe kwenye kipimo kimoja, si aya ya hiki na aya ya kile. *Jadili* anataka pande zote na msimamo wako. Wanaoanguka kwenye maswali ya kujadili mara nyingi mada wanaijua. Wameorodhesha tu, kwa sababu ndivyo walivyozoea kupata alama zamani.

Ukiweza, onesha kazi mbili za mwaka uliopita, moja nzuri na moja ya wastani, kwa ruhusa ya wenyewe na majina yakiwa yamefutwa. Darasa lizisahihishe kwa vigezo vyako. Hakuna maelezo ya mdomo yanayofikia hapo.

Hatua ya 5: Chora mpaka wa msaada

"Udanganyifu hauruhusiwi" ni sentensi tupu. Taja kazi kwa kazi. Kujadili swali la kazi binafsi na mwenzako: ruksa. Kuandika mkiwa mnatazama karatasi moja: hapana. Kudesa (kunakili) kazi ya mwaka jana: hapana, hata ukibadili maneno. Programu za akili mnemba nazo zisemee wazi: kurekebisha Kiingereza ni sawa au si sawa? Kuandaa mpangilio je? Kuandika aya? Ukikaa kimya, mwanafunzi mwoga atajinyima hata kilicho halali, na jasiri atachukua chote.

Kazi za vikundi: watu 5, wasizidi. Kila kundi liambatishe ukurasa mmoja unaoonesha nani alifanya nini, na wote waweke saini. Jina lisilo na saini halipewi alama.

Hatua ya 6: Siku ya kwanza usiwasomee autilaini

Itoe siku 3 kabla. Darasani tumia dakika 30: 10 za mambo manne mazito (alama, tarehe, adhabu, mipaka ya msaada), 10 za maswali matano mafupi ya kuandika, 10 za kusahihisha pamoja. Maswali yawe ya kutumia kanuni, si ya kuikariri: "Kazi yako ilistahili 8, umeileta Jumatatu saa 3 asubuhi badala ya Ijumaa saa 10 jioni. Unapata ngapi?" Jibu ni 5, maana siku ya tatu imeshaanza, na kama darasa limegawanyika kati ya 5 na 6, basi hujasema siku inahesabiwa kuanzia wapi. Kosa hilo ni lako, lirekebishe siku hiyo hiyo.

Hatua ya 7: Rudia wiki ya 3

Udahili unakwenda kwa awamu, usajili unachelewa, wengine wanasubiri mkopo. Wapo watakaoingia darasani wiki ya 2 au ya 3 bila kosa lao. Rudia zile dakika 10. Baada ya hapo usibadilishe mgawanyo wa alama tena.

Tangazo rasmi liwe na makao mamoja: mfumo wa chuo, au ubao wa idara. WhatsApp ni ya kukumbusha tu. Yape matangazo namba, 1, 2, 3, ili mtu ajue amekosa lipi.

Mwisho andika ya kwako: majaribio yatarudi ndani ya wiki 2, barua pepe itajibiwa ndani ya siku 2 za kazi, ofisi iko wazi Jumanne saa 8 hadi saa 10 mchana. Ukivunja hayo, hutakuwa na nguvu ya kusimamia mengine.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, shukrani kwa somo. Nina darasa la watu 600, kipaza sauti kinakatika. Hayo maswali matano nitayasahihishaje?

Jibu: Usiyasahihishe. Wanyooshe mikono kwa jibu A, B au C, utaona kwa macho. Yale mambo manne yaweke kwenye karatasi ya ukurasa mmoja na nakala iachwe steshenari wanakotoa kopi. Mjadala upeleke kwenye semina, na wasaidizi wako wajibu kwa karatasi hiyo hiyo, wasiongeze lao.

Swali: Lugha ya kufundishia ni Kiingereza. Nikieleza kanuni kwa Kiswahili sitakuwa nimekosea?

Jibu: Andika kwa Kiingereza kama chuo kinavyotaka, kwani hiyo ndiyo nakala itakayotumika pakitokea rufaa. Kwa mdomo fafanua kwa Kiswahili, hasa adhabu na mipaka ya msaada. Ila kama una wanafunzi wa kutoka nje wasiojua Kiswahili, kila ulichofafanua kirudie kwa Kiingereza.

Swali: Mimi ni mkufunzi chuo cha kati, mtaala na mgawanyo wa alama vinatoka juu. Nabaki na nini?

Jibu: Hatua ya 1, ya 3, ya 4 na ya 5 zote ni zako. Mgawanyo huugusi, lakini mfano uliokokotolewa unaweza kuuandika, na kwenye kazi za vitendo unaweza kuonesha kifaa kilichokubalika na kilichokataliwa vikiwa mezani.

Swali: Tunafundisha wawili kozi moja. Mwenzangu anatoa alama kwa ukarimu, wanafunzi wananiona mimi mbaya.

Jibu: Chukueni karatasi 10 zile zile, kila mmoja asahihishe peke yake bila kuandika juu yake, kisha mlinganishe. Mkiachana zaidi ya alama 1 kwa 10, tafuteni ni kigezo kipi mnakisoma tofauti na mkiandike upya. Fanyeni hivyo kabla ya kusahihisha zilizobaki. Njia nyingine ni kugawana maswali badala ya wanafunzi: wewe swali la 1 la darasa zima, yeye la 2.

Swali: Na yule anayesema "sikuambiwa" baada ya yote haya?

Jibu: Angalia kwanza alisajiliwa lini na kama tangazo lilikuwa limewekwa mahali pake rasmi. Kama alikuja wiki ya 4, anaweza kuwa anasema kweli. Mpe siku 3 aikamilishe kazi. Kama jina lake lipo kwenye karatasi ya maswali matano, mwoneshe jibu aliloandika kwa mkono wake, na kanuni ifuate mkondo.