Kuzima taa ya cheki injini kwa kuchomoa betri

Kabla hujashika spana nikuulize kitu kimoja, umeshaijua kodi? Namaanisha ile kodi ambayo kompyuta ya gari inaihifadhi taa ikiwaka, P0420, P0300, P0171 na kadhalika. Ukichomoa betri, kwa gari zinazokubali njia hii, unazima taa sawa, lakini na kodi unaifuta, na hiyo kodi ndio ilikuwa inakwambia ugonjwa uko wapi. Mimi nilishawahi kuchomoa kwa mbwembwe, taa ikazima, nikafurahi, siku ya tatu injini ikaanza kumisi, yaani silinda zinaruka bila kuunguza mafuta, nikaenda kwa fundi, fundi anaunga mashine haoni kitu, ikabidi aanze kubahatisha plagi, koili, nozeli, na mimi ndio nalipia huko kubahatisha kwake.

Kwa hiyo kama unaweza kupata mashine ya kusomea, hata kale kadogo ka bluetooth kanakosoma kwenye simu, chomeka kwanza kwenye ile soketi ya matundu 16 chini ya usukani, andika kodi pembeni au piga picha. Na kwa kweli ukishakuwa na hiyo mashine betri huna haja ya kuigusa, unabonyeza futa imeisha. Njia ya betri ni ya yule ambaye hana mashine, tatizo ameshalirekebisha, ila taa imegoma kuzima.

Halafu angalia taa yenyewe inawakaje. Ikiwaka tu imetulia una muda wa kujipanga. Ikiwa inapepesa, inawaka inazima inawaka inazima, hiyo ni injini inamisi vibaya, mafuta yasiyoungua yanaenda kuunguzia kwenye katalitiki ya ekzosi, kile kifaa kinachosafisha moshi, na kuiua, na katalitiki ni ghali. Hapo hata usifikirie betri, punguza mwendo, paki, ita fundi. Taa nyekundu ya oili au ya joto la injini nayo ni habari nyingine kabisa, zima injini.

Angalia pia kifuniko cha tenki la mafuta. Kwenye gari nyingi kikiwa hakijakazwa taa inawaka, kompyuta inaona mvuke wa petroli unavuja. Kaza mpaka kilie tik tik halafu endesha siku chache, taa inaweza kuzima yenyewe kwa sababu kompyuta ikipima safari kadhaa mfululizo, mara nyingi tatu, haioni kosa, inaizima.

Haya tuje kwenye betri. Kama redio yako ina kodi ya siri hakikisha unayo, zingine ukikata umeme zinajifunga na bila hiyo namba haziimbi tena. Zima kila kitu, toa ufunguo, weka ufunguo mfukoni sio ndani ya gari, maana umeme ukirudi kuna gari zinajiloki zenyewe. Na kama betri yako iko kwenye buti, usije ukafunga buti na betri imechomolewa, loki ya umeme haitafunguka na utabaki unazunguka gari kama mwizi.

Chukua spana, gari nyingi ni namba 10, legeza nati ya upande wa hasi, ule wenye alama ya kutoa, mara nyingi waya wake ni mweusi. Anza na hasi kila siku, sababu ni kwamba bodi yote ya gari imeungwa na hasi, ukianza na chanya halafu spana ikagusa bodi unapiga shoti, cheche zinaruka na betri inatoa gesi inayolipuka, sasa hapo... Vua pete na saa ya chuma pia. Chanya huna haja ya kuifungua, hasi peke yake inatosha.

Ukishachomoa usogeze ule waya mbali na ufunike na kitambaa usirudi wenyewe. Kanyaga breki mara kadhaa au bonyeza honi ili umeme uliobaki kwenye saketi uishe, halafu subiri dakika 15 mpaka 30. Kuna wanaogusanisha waya wa chanya na hasi ili iwe haraka, achana na hiyo, ukisahau upande mmoja bado uko kwenye betri utajuta. Hapo unaposubiri safisha kichwa cha betri, kama kina ule unga mweupe au wa kijani mwagia maji ya moto yenye magadi kidogo, sugua na brashi, kausha.

Rudisha, kaza vizuri kisicheze ukikitingisha. Washa gari uiache bila kukanyaga mafuta dakika kama 10. Usishtuke sailensa, yaani mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta, ikipanda na kushuka, au gia otomatiki ikibadilisha kwa kugonga kidogo, kompyuta imesahau vipimo ilivyojifunza na inaanza upya, baada ya kuendesha kidogo inatulia. Vioo vya umeme vinaweza kugoma kujifunga kwa mguso mmoja, shusha mpaka chini, pandisha mpaka juu, shikilia swichi sekunde chache, kwa gari nyingi vinarudi. Saa utaseti mwenyewe.

Kama gari inaenda kupimwa moshi usifanye hivi usiku wa kuamkia vipimo, kompyuta inakuwa haijamaliza kujipima na mkaguzi akiunga mashine anaona kabisa kwamba imefutwa juzi. Na gari nyingi za siku hizi hazidanganyiki, kodi zinakaa kwenye memori isiyohitaji umeme, utachomoa betri hata usiku kucha asubuhi taa hiyo hapo. Taa ya eabegi ndio kabisa, mara nyingi haitoki bila mashine. Haibridi unagusa betri ndogo ya volti 12 tu, zile waya nene za rangi ya chungwa hata kwa bahati mbaya usiziguse.

Taa ikirudi papo hapo tatizo lipo na ni la kudumu. Ikirudi baada ya siku mbili tatu nalo lipo, makosa mengi kompyuta inasubiri iyaone safari mbili ndio iwashe taa. Mara hiyo isome kodi kwanza.